Vijana Waimbapo Mbele ya Wenye Kuwadhihaki



Kama nyumbani mwako yumo kijana wa kwaya, huenda amekwisha kukuuliza swali hili, nawe ukamjibu nusu tu: "Baba, tukiwa katika maandamano, mtu akasimama kando ya njia na kipaza sauti, akatangaza kwamba dini yetu ni ya uongo, sisi tufanye nini?" Baba mmoja atasema, "Nyamazeni, piteni." Mwingine, hasa akiwa ametoka kilabuni, atasema, "Mrudishieni!" Liko na jibu la tatu, yaani kuimba. Jibu hilo twalisikia likisifiwa sana. Nami nalisifu, lakini si kila mara, na leo nataka tulipime pamoja.

Ninyi mkaao Gungu hamna haja ya kuelezwa habari yenyewe. Toka hapo hata Mwanga na kushuka mpaka Ujiji, adhana na kengele zasikika kwa sikio moja. Katika ukoo mmoja yumo Yusufu wa kanisani na Yusufu wa msikitini, na arusi ikifika wote wawili huchangia mchele na mawese. Ni katika nchi hiyo hiyo ya Kigoma na Ujiji walikotoka, miaka ya 1980, wahubiri waliosambaza mihadhara ya wazi, wakiishika Biblia mkononi na kuwaonyesha watu kwamba Yesu si Mungu. Wakajulikana Tanzania nzima. Punde wakatokea wahubiri wa Kikristu waliofanya vivyo hivyo na Kurani. Wala tusidhani wenye kutupinga ni Waislamu tu. Mara nyingi anayesema kwamba Rozari ni hirizi na sanamu ya Mama Maria ni mzimu, ni Mkristu mwenzetu, aliyebatizwa labda katika kanisa lile lile tulimobatizwa sisi.

Basi kijana aimbe? Tutazame kwanza walioimba kabla yake.

Mwaka 1878, mwezi wa Juni, msafara wa Mapadri Weupe uliondoka Bagamoyo. Ulipofika Tabora uligawanyika. Wengine walishika njia ya magharibi, wakafika Ujiji Januari 1879. Wengine walikwenda kaskazini, na Padre Lourdel na Bruda Amans wakafika Buganda Februari mwaka ule ule. Kwa hiyo Mashahidi wa Uganda si watu wa mbali na sisi wa ziwa hili. Walifundishwa na watu wa msafara uliotuletea sisi Injili. Wapakazi walikuwa wamoja, na mizigo ilifungwa mahali pamoja.

Lakini hao wa kwanza kuuawa hawakuwa Wakatoliki, na lazima tuseme kweli. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misioni ya Waanglikana waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga: Makko Kakumba, Nuwa Seruwanga na Yusufu Lugalama, aliyekuwa mtoto bado. Wamisionari wao waliandika kwamba wakipelekwa kuuawa walidhihakiwa na waliowachukua, kwa ajili ya huyo Yesu wao na kwa ajili ya kusoma kwao vitabu. Na husimuliwa ya kuwa wale watoto waliimba. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kiswahili, lugha yetu hii, kwa maana nyimbo za misioni siku zile zilikuwa bado nyingi za Kiswahili.

Fikiri, msomaji. Hapakuwa na kwaya, wala kinanda, wala watu wa upande wao walioweza kuwasaidia. Walikuwa watatu katikati ya wengi wenye silaha. Hawakuimba ili wale askari washindwe kusikilizana. Hawakuweza hilo hata kama wangetaka. Waliimba kwa sababu walikuwa wakisema na Mungu, na watu wa duniani walikuwa wamekwisha kumaliza maneno yao.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, ikawa zamu ya Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, huko Namugongo. Lwanga alichomwa peke yake kwanza. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Vijana wachache walioachwa wakati wa mwisho ndio waliosimulia baadaye jinsi wenzao walivyosali kwa sauti ndani ya moto. Wakatoliki 22 wa madhulumu yale waliandikwa katika hesabu ya Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Liko na jambo moja ambalo mahubiri yetu ya tarehe 3 Juni hulipita upesi. Miaka kama kumi kabla ya hao, Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, alikuwa amewaua hapo hapo Namugongo vijana wengi wa Kiislamu, kwa kuwa walishika sheria ya dini yao kuliko amri yake. Mtu wa Gungu aliye na jirani Mwislamu na amwambie jirani yake habari hiyo, kama haijui. Itawapa maneno ya jioni nzima.

Sasa tuje karibu na siku zetu. Julai 2008 vijana Wakatoliki wa dunia walikutana na Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 mjini Sydney, Australia, kwa Siku ya Vijana Duniani. Serikali ya jimbo lile ilikuwa imeweka kanuni ya kumtoza faini mtu atakayewakera mahujaji. Wapinzani wakaenda mahakamani, na tarehe 15 Julai mahakama ikaifuta kanuni ile ya kukera, kwa kuwa ilizuia watu kusema yao. Hata Jumamosi ya tarehe 19, mahujaji wakitembea kwenda Randwick kukesha, wapinzani wakasimama njiani na mabango yao, wakapiga kelele juu ya Papa, na wengine wakarusha vitu ambavyo sitavitaja, maana gazeti hili husomwa na watoto. Vijana wakapita wakiimba. Hapakuwa na vita.

Vizuri. Lakini siwasifu hao sawasawa na wale watatu wa Buganda. Misa ya kesho yake ilihudhuriwa na watu kama 400,000, na wapinzani walikuwa mamia tu. Aliye katikati ya bahari ya wenzake huimba bila shida. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, hasa ninyi wa Kabanga, Heru Juu na Kibondo, ambako sisi tu wengi. Wakija wahubiri wawili wa dhehebu dogo sokoni, wakasema maneno yao juu ya Rozari, kisha kwaya nzima ya parokia ikawazunguka na ngoma na kayamba mpaka sauti zao zikazama, je, huo ni ushuhuda? Huo ni wingi tu. Fimbo haiachi kuwa fimbo kwa kuwa imefungwa utepe. Vijana watarudi nyumbani wakicheka, na wale wawili watarudi wakiwa na hakika zaidi kwamba Wakatoliki hawana la kujibu.

Na kweli wimbo haujibu swali. Mtu akipiga kelele ili kukuudhi, wimbo watosha, kwa sababu hatafuti jibu. Lakini mtu akikuuliza, hata kwa ukali, "Kwa nini mwamwita padre Baba, hali Injili yakataza?" huyo ameuliza. Kijana akimwimbia usoni, amemtukana. Yampasa anyamaze na kumwambia, "Ndugu, sasa tumo katika ibada. Njoo kesho nyumbani, au tuonane baada ya Misa." Na kesho awe na la kusema. Hapo ndipo ilipo aibu yetu, wazazi. Tunao vijana wajuao beti nyingi kwa moyo katika sauti nne, lakini ukiwauliza maana ya Ekaristi watazama chini. Mwalimu wa kwaya hana kosa. Katekisimu ilikuwa kazi yetu nyumbani kabla haijawa kazi ya katekista.

Wengine watauliza, kwa nini tusiite polisi tu? Zipo nyakati za kuwaita. Jiwe likirushwa, mtoto akisukumwa, usingoje wimbo uishe. Lakini kwa maneno matupu, kumbukeni Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998. Yalianza malalamiko kwamba wahadhiri wanaikashifu imani ya Wakristu. Polisi wakaingia, ghasia zikazuka, na watu wakauawa kwa risasi. Waliokufa walikuwa na mama zao. Malalamiko yale hayakuirudishia imani yetu heshima hata chembe, na machungu yake hayajaisha mioyoni mwa jirani zetu wengi. Mimi nisingependa kijana wangu awe sababu ya siku kama ile Gungu, hata kama sheria ingekuwa upande wake.

Basi, kwa wale wenye kwaya, maneno machache ya kazi, kabla ya maandamano ya Sakramenti Kuu au ya Jumapili ya Matawi.

Chagueni nyimbo mbili ambazo hata bibi aliye nyuma kabisa azijua bila kitabu. Ziwe za kumsifu Mungu au za kumwomba Mama Maria. Zile za "adui ameshindwa, adui amekwisha" ziacheni kanisani siku hiyo, kwa maana asikiaye njiani hatafikiri kwamba adui ni Shetani. Atadhani ni yeye. Msisimame mbele ya mwenye kipaza sauti. Tembeeni kwa mwendo ule ule mliokuja nao, na sauti ile ile, msipandishe. Mwongozaji akisikia vijana wanapandisha, ajue kwamba sala imekwisha na mashindano yameanza, naye akatishe wimbo, waanze Baba Yetu. Mkipita karibu na msikiti, angalieni saa. Ikiwa adhana inakaribia, ngoma zinyamaze kabla haijaanza, si baada ya watu kutoka nje kutazama. Taarifa ya maandamano ipelekwe polisi mapema, na mzee mmoja aende mwenyewe kumwambia imamu njia mtakayopita. Mzee huyo akiwa na shemeji msikitini, vema zaidi, na Gungu hamtakosa.

Watoto wadogo wa Utoto Mtakatifu wawekwe katikati, wasiwe mbele wala nyuma. Na mpiga ngoma atembee karibu na mwongozaji, mahali awezapo kuguswa bega na kuambiwa aache.