Mbachao, Msala na Orodha ya Kazi

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikisimamishwa pamoja huonekana kupingana. Moja yatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Ya pili yakiri udhaifu wetu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Tunazikumbuka leo kwa sababu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa dogo, nalo ni zile programu za simu na kompyuta ambazo watu huzitumia kuorodhesha kazi zao, kuzipangia siku na kuwagawia wenzao.

Daftari la karani na jalada la masjala bado vipo katika afisi zetu, na vinastahili heshima yake. Hata hivyo, si siri kwamba ahadi nyingi za kazi siku hizi hazimo tena katika daftari. Zimo katika simu ya afisa. Basi swali la kukihama au kutokihama chombo kilichozoeleka, pindi kinapotokea kipya chenye kupigiwa ngoma, limekuwa swali la utumishi wa umma na si la mapenzi ya mtu binafsi.

Tuanze na wale wanaosifu kushikamana na cha zamani. Mwaka 2010 kampuni moja ya Berlin, Ujerumani, ilitoa programu iliyoitwa Wunderlist, ikapendwa na mamilioni ya watu kwa wepesi wake. Mwaka 2015 Microsoft ya Marekani iliinunua kampuni hiyo. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba siku moja programu ile itaondolewa na nafasi yake itashikwa na Microsoft To Do. Mwaka 2019 mwasisi wake, Christian Reber, alijitokeza hadharani kutaka kuinunua tena, lakini haikuwa. Mei 6, 2020 Wunderlist ilifungwa. Watumiaji walipewa njia ya kuhamishia orodha zao katika programu mpya ya mnunuzi, na hilo ni jema. Lakini mapenzi yao ya miaka kumi hayakuweza kuiongezea uhai hata siku moja.

Si hiyo peke yake. Trello, iliyoanza New York mwaka 2011, ilinunuliwa na Atlassian ya Australia mwaka 2017 kwa dola milioni 425, na mwaka 2024 ikawawekea wanaoitumia bila malipo kikomo cha watu 10 katika kila eneo la kazi. Evernote, ambayo wengi waliitegemea kwa kumbukumbu zao, ilipoingia mikononi mwa kampuni ya Bending Spoons ya Italia, ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba asiyelipa ataishia kumbukumbu 50 na daftari moja tu. Kampuni ina haki ya kutafuta riziki yake, nasi hatuilaumu. Tunalosema ni kwamba uaminifu wa mteja hauifungi kampuni, na atakayeuhesabu kuwa ni mkataba atajuta.

Je, basi tukimbilie kila kipya? La hasha. Todoist ilianza mwaka 2007 na bado inaendelea chini ya mwasisi wake, Amir Salihefendić. Aliyekaa nayo muda wote huo hajapungukiwa, hali wenziwe wamehama mara tatu au nne. Kila kuhama kuna gharama yake. Tarehe hupotea, maelezo hubaki nyuma, na wafanyakazi huanza kujifunza upya. Mara nyingi nusu ya afisi hubaki katika programu ya zamani na nusu huwa katika mpya, ikawa kazi moja ina orodha mbili na mwenyewe hana.

Kwa sisi watu wa visiwani lipo jambo jingine ambalo matangazo hayalitaji. Waliokuwapo Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawajasahau ile miezi mitatu ya giza. Na Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ilidorora sana Tanzania. Programu inayohitaji mtandao ili kumwonesha karani kazi za leo ni programu itakayomtupa siku anayoihitaji. Notion, iliyosifiwa sana kwa usasa wake, ilikaa hadi Agosti 2025 ndipo ikaleta njia rasmi ya kufanya kazi bila mtandao. Todoist ilikuwa nayo miaka mingi kabla. Hapa cha zamani kilikishinda kipya kwa jambo lenye manufaa kwetu.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba umri wa chombo si hoja, ukiwa mkubwa au mdogo. Uaminifu wetu ni haki ya kazi na ya mwenye kufanyiwa kazi hiyo. Afisi inayotaka kubaki au kuhama na ijiulize mambo matatu. Kwanza, je, tunaweza kuitoa orodha yetu yote na kuisoma mahali pengine? Pili, je, itafunguka mtandao ukikatika? Tatu, je, akaunti ni ya afisi au ni ya mtu?

Swali hili la tatu ndilo zito kuliko yote. Zamani afisa alipohamishwa, jalada lilibaki masjala, na aliyekuja baada yake alilifungua na kuendelea. Leo afisa akihamishwa huondoka na simu yake, na ndani ya simu hiyo huondoka maombi yasiyojibiwa. Mwananchi aliyetoka Micheweni kwenda Wete kufuatilia haki yake hana haja ya kujua kama programu ni ya mwaka 2007 au ya mwaka jana. Yeye ataka kusikia kwamba jambo lake linajulikana liko wapi na nani analishughulikia.

Tunaishauri Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar, pamoja na makatibu wakuu wa Wizara, waweke mwongozo ulio wazi kwamba orodha ya kazi ya afisi ya umma iwe mali ya afisi, ihifadhiwe nakala yake kila mwezi, na ikabidhiwe kwa maandishi afisa anapoondoka. Hilo likifanyika, kuchagua baina ya mbachao na msala litakuwa jambo jepesi, kwani hata chombo kikivunjika mzigo utakuwa umekwishashushwa bandarini.