Mifugo Yetu: Auze Wawili Anunue Mmoja?

Juma hili twajibu barua ya baba mmoja wa Cimpunda. Yeye akaa mjini kama wengi wenu, kwenye mteremko usio na nafasi hata ya kumfunga mbuzi. Lakini ana ng'ombe wawili huko Walungu, kwa mdogo wake. Ni ng'ombe wa kwetu, wa pembe. Mmoja hukamuliwa lita mbili kwa siku, wa pili hafikishi hata moja. Mtu fulani amemshauri awauze wote wawili, aongeze fedha kidogo, anunue Frisian mmoja, kisha auze maziwa mpaka binti yake amalize sekondari. Binti huyo amebakiza miaka mitatu. Baba auliza kama shauri hilo ni jema.

Si jema.

Frisian ni ng'ombe wa kusifiwa, hatukatai. Lakini maziwa yake hayatoki hewani. Mwili wake mkubwa wataka mabingobingo yaliyokatwa kila siku, maji tele, na pumba juu yake. Milima ya Walungu imejaa watu. Malisho yamebaki kando ya njia na kati ya migomba. Tena wako kupe. Homa ya kupe, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita ndigana kali, yaweza kumwua ng'ombe mgeni kwa muda mfupi, hali ndama wetu wengi waliozaliwa kati ya kupe huugua, wakapona. Akifa huyo mmoja, zizi limekwisha, na karo ya binti imekwenda pamoja nalo. Ng'ombe wawili wana faida hii ya kwanza, kwamba ni wawili.

Basi afanye nini? Asinunue ng'ombe, awatafutie ng'ombe wake baba wa ndama. Hapa ndipo elimu ya urithi inapotufaa.

Elimu hiyo ilianza katika bustani ya monasteri. Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino mjini Brno, katika nchi iitwayo leo Ucheki, alianza mwaka 1856 kupandanisha njegere za aina mbalimbali na kuhesabu watoto wao kwa maelfu. Mwaka 1865 alisoma habari zake mbele ya wenye elimu wa mji ule. Karibu hakuna aliyejali mpaka mwaka 1900, naye alikuwa ameiaga dunia tangu 1884. Jambo aliloliona ni hili: kila mtoto hupokea fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama, na fungu moja laweza kujificha nyuma ya jingine bila kupotea.

Tazameni mfano wa zizini. Fahali Frisian mweusi na jike Frisian mweusi wazaa ndama mwekundu. Jirani huanza kucheka na kusema kwamba fahali wa mtu mwingine ameruka ua. Kumbe wazazi wote wawili walikuwa wamebeba fungu la wekundu, limefunikwa na weusi. Kwa wazazi wa namna hiyo, ndama mmoja kati ya wanne, kwa kadiri, atakuwa mwekundu. Fahali hana kosa, wala jirani hana ushahidi.

Maziwa lakini si kama rangi. Rangi yaweza kutawaliwa na fungu moja, ambalo wataalamu huliita jeni. Maziwa hutawaliwa na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo. Tena ng'ombe wa zizi moja wakitofautiana kwa maziwa, robo ya tofauti hiyo, au theluthi, ndiyo itokayo katika damu. Iliyobaki ni chakula, maji, ugonjwa, umri na mkono wa mkamuaji. Kwa hiyo baba wa Cimpunda asimhukumu upesi yule wa chini ya lita moja. Aulize kwanza: amezaa mara ngapi? Amekamuliwa miezi mingapi tangu kuzaa? Huenda ni mchanga tu, au yu karibu kukauka.

Jike wa kwetu akipandwa na dume wa Ulaya, ndama ni chotara, nusu kwa nusu. Mara nyingi chotara wa kwanza ana nguvu kuliko tunavyotazamia kwa kuwatazama wazazi: hukua upesi, huzaa mapema, hukamuliwa lita nyingi kuliko mama yake, ilmradi ale. Hapo wengi hushikwa na tamaa. Humpandisha chotara kwa Frisian, na binti yake kwa Frisian tena, mpaka zizi lote ni la kigeni na njaa ni ileile. Huko Mpwapwa, nchini Tanzania, waliotengeneza aina ya ng'ombe iitwayo kwa jina la mahali hapo walichanganya damu ya Sahiwal na Sindhi wekundu wa Bara Hindi na ya ng'ombe wa kienyeji, wakaiacha ya Ulaya iwe sehemu ndogo tu. Walijua jua la Dodoma. Kwetu milimani kuna baridi, na nusu yafaa. Lakini robo tatu yataka mtu mwenye majani na dawa bila kukosa.

Tungependelea dume wa Jersey. Mwili wake ni mdogo kuliko wa Frisian, hula kidogo zaidi, maziwa yake yana mafuta mengi. Na, jambo ambalo washauri wa barabarani hulisahau, ndama wake ni mdogo. Jike wetu mdogo akibeba ndama wa Frisian aweza kufa akizaa.

Sasa neno gumu kuliko yote: fahali wa mlima. Vita vya 1996 na vya 1998 vilimaliza mazizi mengi ya Kivu, na pengine fahali mmoja aliyesalia alipanda majike wa mlima mzima, kisha binti zake, kisha wajukuu wake. Hapo mafungu yaliyofichwa hukutana. Hata mataifa makubwa yamepatikana na hasara hiyo. Huko Marekani alizaliwa mwaka 1962 fahali wa Holstein aliyeitwa Chief. Binti zake walikuwa 16,000, na sifa yake ya maziwa ilikuwa ya kweli. Lakini alibeba jeni moja mbovu iliyojificha. Ndama akiipokea kwa baba na kwa mama pia, hufa tumboni. Mwaka 2011 ndipo wataalamu walipoiona kwa kupima jeni za kizazi chake, na kwa hesabu yao mimba zaidi ya 500,000 duniani zilikuwa zimeharibika. Ikiwa fahali mwenye vitabu aliweza kuficha hayo, yule wa mlimani asiyejulikana baba yake aficha nini?

Wala tusiyaamini macho yetu kupita kiasi. Wataalamu waliopima jeni za ng'ombe wa wakulima wadogo huko Kenya na Uganda waliona kwamba jibu la mwenye ng'ombe juu ya kiasi cha damu ya kigeni mara nyingi halilingani na kipimo. Mabaka meusi na meupe si cheti.

Kama aweza kumpata mhimilishaji mwaminifu, atumie mbegu zilizogandishwa. Tangu 1949, Waingereza walipogundua kwamba gliserini hulinda mbegu za dume zisiharibike katika baridi, fahali wa mbali aweza kuzaa kwetu bila kusafiri. Mbegu hukaa katika naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Mtungi ukikauka, zimekufa, hata kama mrija waonekana mzima. Auombe mtungi ufunguliwe mbele yake, tena aandike jina na namba ya fahali iliyo kwenye mrija.

Mdogo wake wa Walungu ndiye mwenye kazi kubwa. Jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na dalili ya hakika ni kusimama kimya akipandwa na wenzake. Akionekana asubuhi, ahimilishwe jioni. Akionekana jioni, ahimilishwe kesho asubuhi. Na awe na daftari: siku ya kupandwa, fahali gani, siku ya kuzaa, lita za kila juma.

Hesabu ya mwisho haipendezi. Mimba ni miezi tisa, na mtamba hukaribia miaka mitatu kabla ya kuzaa. Maziwa ya chotara yatafika baada ya miaka minne karibu, na binti amebakiza mitatu. Maziwa hayo yatawasomesha wadogo zake. Kwa karo ya binti, ndama dume wa kwanza auzwe. Na ikibidi, yule jike dhaifu auzwe akiwa na mimba ya fahali anayejulikana, kwa maana hupata bei kuliko mtupu. Yule wa lita mbili asiguswe.

Juu ya dawa ya kupe, aliyoiuliza mwishoni mwa barua yake, tutajibu juma lijalo.