Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji: Waokoaji wa Kwanza wa Kariakoo

Ndugu Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam,

Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, walioanza kufukua vifusi walikuwa machinga, wapagazi na wenye maduka ya jirani, kwa nyundo na mikono mitupu. Mitambo mikubwa ilifika baadaye. Watu zaidi ya 80 waliokolewa, na zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Vikosi vya serikali vilikesha pale siku kadhaa, hilo halina ubishi. Lakini aliyebanwa na zege huku anavuja damu hawezi kusubiri gari lipenye Mtaa wa Msimbazi katikati ya mikokoteni, guta na bidhaa zilizopangwa hadi barabarani. Ndiyo maana naomba watu hawa wapewe mafunzo, vifaa na nafasi inayotambulika katika mpango wa maafa wa Jiji, mtaa kwa mtaa.

Wanachokijua hakimo kwenye ramani yoyote ya ofisini. Mpagazi anayeshusha mizigo kila siku anajua jengo lipi lina stoo chini ya ardhi na mlango upi wa nyuma umezibwa kwa maboksi. Mama lishe anajua nani hufungua duka alfajiri na nani hulala ndani kulinda mali. Fundi wa kuchomelea wa Gerezani anayo mashine ya kukatia nondo, na mkono uliozoea kuishika. Na raia kugeuka waokoaji si jambo geni: baada ya tetemeko la mwaka 1985 jijini Mexico, raia wa kawaida waliochimba vifusi bila kutumwa na mtu walijiunda kuwa kikosi cha Los Topos, ambacho kimekwenda kuokoa watu hata nje ya nchi yao.

Najua pingamizi la kwanza: umati usio na ujuzi huua. Ni kweli. Mtu akisimama juu ya sakafu iliyolala anaweza kumponda aliye chini yake, na kelele za watu mia huzima sauti ya anayegonga bomba akiomba msaada. Ila umati huo utakuja tu, tupende tusipende, kwa kuwa walio chini ni ndugu na wateja wao. Basi afadhali wawepo kumi kati yao wanaojua kuwanyamazisha wenzao, kufunga jeraha na kukipisha kikosi kinapofika. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na Chama cha Msalaba Mwekundu wanaweza kuwafundisha hayo.

Wengine watasema machinga hana anwani, leo yuko Mtaa wa Kongo, kesho Mchikichi. Hoja hii inanishangaza kidogo. Desemba 2018 vitambulisho vya shilingi 20,000 vilipotolewa kwa wafanyabiashara wadogo, anwani haikuwa kikwazo. Hata sasa Jiji linasajili vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu ili wapate mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Daftari lipo, lina majina na viongozi. Kilichobaki ni kulitumia kwa kazi nyingine.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba dawa ya kweli ni kukagua majengo, na fedha ziende huko. Nakubali ukaguzi utangulie, na timu iliyoundwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, baada ya ajali ilihitajika. Lakini ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi liliua watu zaidi ya 30 mwezi Machi 2013, ukaguzi ukaagizwa, na miaka 11 baadaye tukarudi kwenye vifusi. Tena siku hizi Kariakoo inafanya biashara hadi usiku, saa ambazo ofisi zimefungwa na wapagazi wako kazini.

Ninachoomba si ghali kwa Jiji linalokusanya ushuru Kariakoo kila siku: kasha moja katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, lenye machela, jeki, tochi, kofia ngumu na vifaa vya huduma ya kwanza, mafunzo mara mbili kwa mwaka, na bima kwa watakaoumia wakiokoa wenzao. Ufunguo wa kasha usikae kwa mwenyekiti peke yake. Wa pili awe nao mtu anayekesha sokoni.

Wako,
Mkazi wa Jiji