Kabla hujaposti "babu alipigana Burma", isome picha yake vizuri

Karibu kila ukoo una ile picha. Iko kwenye fremu sebuleni ushago, imebanwa ndani ya Biblia ya nyanya, ama kuna binamu aliyeipiga kwa simu akaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Kijana wa miaka ishirini na kitu amesimama wima, kaptura imenyooshwa pasi, kofia imelala upande, uso haucheki. Ukiuliza huyu ni nani, unajibiwa: "Huyo ni baba ya guka. Alikuwa Keya. Alipigana Burma." Basi unaandika "shujaa wetu", unatia bendera, unaposti. Likes zinaingia, stori imeisha.

Mimi nasema stori hiyo hujaianza. Bila kujua mzee alikuwa kikosi gani, hujui alifanya kazi gani, alipigana na nani, na alikuwa upande wa nani. Na sehemu kubwa ya jibu iko kwenye hiyo picha unayoipita kila Krismasi.

Tuanze na hilo neno. Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza lililoundwa mwaka 1902. Lilidumu mpaka uhuru, 1963, batalioni zake za Kenya zilipogeuzwa kuwa Kenya Rifles. Hiyo ni zaidi ya miaka sitini. Mtu wa Keya anaweza kuwa alimfukuza Mjerumani kule Tanganyika mwaka 1917, alipigana na Waitaliano Ethiopia mwaka 1941, alipelekwa Madagascar mwaka 1942, alikuwa Burma mwaka 1944, ama alikuwa akiwasaka Mau Mau msituni mwaka 1954. Kwa macho ya leo sare zote ni kaki tu, lakini hizo ni stori tano tofauti kabisa.

Isitoshe, si kila aliyeenda vitani alibeba bunduki. Siku moja ukiwa town, simama Kenyatta Avenue uiangalie ile sanamu ya mwaka 1928. Watu ni watatu: askari wa KAR, mpiganaji Mwarabu, na mpagazi. Huyo mpagazi ni wa Carrier Corps, waliobeba mizigo ya jeshi Vita vya Kwanza vya Dunia. Soko la Kariokor, unaponunua viatu na vikapu, lilipata jina lake kutoka kwao. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Vita vya Pili navyo vilikuwa na madereva, wahudumu wa hospitali, mafundi, wapiga mizinga na vibarua wa kuchimba barabara. Nyumbani tumewatia wote kwenye kapu moja la "Burma".

Sasa chukua picha. Itoe kwenye fremu polepole, uigeuze. Nyuma kunaweza kuwa na muhuri wa studio, jina la mji, tarehe, hata nambari ya askari. Kisha iskani kwa ubora wa juu, usiipige kwa simu yenye flash. Ukishamaliza, zoom.

Anza na kichwa. Tarbushi au kofia ya duara isiyo na ukingo mara nyingi inakurudisha nyuma, miaka ya mwanzo ya KAR. Kofia ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja mara nyingi inakuleta Vita vya Pili au baadaye. Shuka begani. Herufi za shaba ni kama anwani: KAR ni askari wa miguu, EAASC ni wale wa usafiri na chakula, EAAMC ni matabibu. Ukiona nembo ya kifaru, namaanisha mnyama, hiyo ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944 na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Lakini usipoiona, usimfute mzee Burma: kulikuwa na brigedi nyingine za Afrika Mashariki huko, na wengi walipiga picha studio kabla ya kuondoka.

Halafu kifua. Nishani ya nyota yenye ncha sita inaelekeza Vita vya Pili. Shida ni kwamba nyota hizo zina umbo moja, zinatofautishwa na rangi za utepe, na picha yako ni nyeusi na nyeupe. Kwa hivyo mwombe nyanya afungue lile sanduku. Nyota ya Burma imeandikwa jina lake katikati. Nishani za Vita vya Kwanza zilichongwa jina na nambari ya askari pembeni. Zile za Vita vya Pili, Waingereza walizitoa bila jina la mtu.

Na tafadhali, usiipeleke picha kwenye zile programu za akili bandia zinazong'arisha nyuso na kutia rangi halafu ukaichukulia kama ushahidi. Programu haijui babu yako alivaa nini. Pale ambapo nembo imefifia, itakuchorea nembo ya kubuni, na wewe utaapa umeiona. Irembeshe ukitaka, lakini uchunguzi ufanye kwa skani halisi.

Utauliza, kuna haja gani ya jasho lote hili? Chukua mfano wa familia ambayo babu alienda Burma na hakurudi, na hakuna anayejua alizikwa wapi. Begani kwake kuna alama za mizinga. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa imebeba, pamoja na wengine, Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani iliizamisha. Watu karibu 1,300 walikufa. Huenda mzee hakufika Burma kamwe. Huenda familia imekuwa ikitafuta kaburi kwenye msitu ilhali jibu liko baharini. Kipande cha shaba begani ndicho kinachokuelekeza pa kutafutia.

Kuna jibu lingine ambalo wengi hatulitaki. Kwenye utepe wa nishani ya duara kunaweza kuwa na kipande cha chuma kimeandikwa "KENYA". Hiyo ilitolewa kwa waliotumikia serikali ya mkoloni dhidi ya Mau Mau, baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952. Kwetu kila mtu babu yake alikuwa msituni. Mahomugadi na askari wa mkoloni walizaa watoto pia, na wajukuu wao ni sisi. Ukikipata kipande hicho, usikifiche, na usimhukumu mtu kwa picha moja. Waruhiu Itote alivaa sare ya KAR akapigana Burma, kisha akaingia msituni tukamjua kama Jenerali China. Sare inakuambia mtu alikuwa wapi siku ile. Yaliyofuata lazima uyatafute.

Na stori tamu bila ushahidi zina hatari yake. Idi Amin alipenda kusimulia alivyopigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliandikwa KAR mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha.

Ukishapata kikosi, milango inafunguka. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, bure, unayoweza kutafuta kwa jina na kikosi, ila ni ya waliokufa tu. Tume hiyo yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba angalau watu 116,000 waliokufa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Kwa hivyo kutompata mtu wako humo hakumaanishi hakuwepo. Kuna Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, unapopita kila siku ukienda kupanda matatu.

Ila nyaraka zitangoja, wazee hawatangoja. Likizo hii usiulize tu "alipigana wapi?", maana utajibiwa Burma. Uliza alirudi na nini. Alijua kuendesha gari? Alijua kudunga sindano? Alizungumzia meli? Kuna watu aliogopa kukutana nao sokoni? Rekodi majibu kwa simu, uyaweke pamoja na ile skani.

Kisha posti unachokijua. Kama ni "dereva wa EAASC, mwaka bado tunatafuta", andika hivyo hivyo. Huyo ni babu yako zaidi kuliko yule shujaa wa Burma uliyemtungia.