Ubeti Mmoja Hautoshi: Kuhusu Cheti cha Grafini

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Katika soko la grafini, kibaya hujitembeza kikiwa na cheti mkononi. Msomaji aweza kuuliza mwanafasihi ana kisa gani na kaboni. Ninacho: cheti hicho ni matini, na matini huhakikiwa.

Grafini ni tabaka moja la atomu za kaboni lililobanduliwa kutoka kwa grafiti, ile ile tuandikiayo kwa penseli. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga mjini Manchester mwaka wa 2004, wakatuzwa Nobel mwaka wa 2010. Viwanda vikazuka. Mwaka wa 2018, watafiti waliochunguza bidhaa za kampuni 60 walitangaza kwamba nyingi zilikuwa na grafini isiyofika asilimia 10. Sehemu kubwa ilikuwa grafiti iliyosagwa tu.

Ithibati mojawapo ya ubora ni mchoro wa Raman. Mwaka wa 1928, C. V. Raman wa India alibaini kuwa sehemu ndogo mno ya nuru inayotawanywa na kitu hubadilika rangi kulingana na mitetemo ya molekuli zake. Grafini ikimulikwa kwa leza, mchoro hutoa vilele. Kilele G husimama karibu na 1,580 kwa sentimita. Kilele D, karibu na 1,350, hufichua kasoro katika mpangilio wa atomu. Kilele 2D, karibu na 2,700, hudokeza idadi ya matabaka: katika tabaka moja huwa chembamba na kirefu kuliko G, katika grafiti hufupika na kuota bega.

Mbinu yenyewe sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba leza humulika eneo la takriban maikromita moja, ilhali mnunuzi anauziwa gunia. Ni mhakiki gani atakayehukumu diwani nzima kwa ubeti aliochaguliwa na mshairi mwenyewe? Mnunuzi na adai vipimo vya chembe nyingi zilizochotwa bila kuteuliwa, na unene wake upimwe kwa darubini pia.

Tena asihadaike na kilele D kifupi. Kingo za chembe ndogo hukirefusha hata pale ambapo grafini ni njema, na donge la grafiti safi halina kilele hicho kabisa. Kwa kigezo hicho pekee, donge hilo lingefuzu.