Mwalimu, Ukomunisti Ulipita Hapa Athi River

Jirani yangu hapa Noonkopir, Kajiado, alifundisha historia miaka thelathini na ushei kabla ya kustaafu, na mpaka leo haamini kwamba kengele ya mwisho imelia. Jumamosi moja jioni alikuja kwangu tukatazama Oppenheimer, ile filamu ya Christopher Nolan ya 2023 iliyotwaa tuzo saba za Oscar mwaka uliofuata. Fleshi niliijaza kwenye duka la muvi mtaani, hilo nalikiri, na Nolan anisamehe. Ni saa tatu kamili. Mwanafizikia Myahudi anampenda Jean Tatlock, mwanachama wa chama cha kikomunisti. Wapelelezi wanamfuata hadi mlangoni kwa mwanamke huyo. Na mwaka 1954, baada ya kuongoza kazi ya kuiundia Marekani bomu la atomiki, anakalishwa kitini kama mwizi wa kuku, anaulizwa alilala wapi na nani, kisha ananyang'anywa kibali cha kuona siri za serikali.

Runinga ilipozimwa, Mwalimu alijinyoosha akasema hayo ni mambo ya Wazungu. Halafu akashusha hoja zake akizihesabu kwa vidole, kama alivyozoea darasani. Usiku ule nilimjibu ovyo, nikiwa na usingizi. Leo nimjibu nikiwa macho.

Kidole gumba: woga wa ukomunisti ulikuwa homa ya Wamarekani, wala haukuvuka bahari.

Mwalimu, homa hiyo ilikuja ikalazwa jirani na sisi. Panda matatu hapa stejini na, kama barabara haijaziba, hujamaliza kutafuta sarafu za nauli umefika Athi River. Wakati wa vita vya Mau Mau palikuwa na kambi ya kizuizini pale, na mkuu wake, Kanali Alan Knight, alikuwa mfuasi wa Moral Re-Armament, vuguvugu la mhubiri Frank Buchman lenye makao Caux, Uswisi. Kwa watu hao ukomunisti ndio uliokuwa adui mkuu wa roho za wanadamu. Wakaruhusiwa kuingia kambini kuwahubiria wafungwa waungame, waache chuki, wawe watu wapya. Watu waliokamatwa kwa sababu ya mashamba ya babu zao wakaletewa mahubiri yaliyotungwa kwa ajili ya kupigana na Moscow! Hata hilo halikutosha. Mwaka 1957 vuguvugu hilohilo lilitoa filamu iitwayo Freedom, iliyopigwa Nigeria kwa waigizaji Waafrika, ikatiwa sauti za Kiswahili na kuzungushwa Kenya kabla ya uchaguzi wa 1961. Kwa hiyo woga huo ulivuka bahari, Mwalimu, tena ukaja na projekta yake na kujifunza lugha yetu.

Na hapa Kajiado kwenyewe hatukuwa watazamaji tu. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Kikuyu, alipokamatwa Oktoba 1952 alizuiliwa kwanza Kajiado, ndipo akapelekwa Takwa, kisiwani Manda, na baadaye akaonja pia hiyo Athi River. Kosa lake lilikuwa kalamu.

Kisha kuna Makhan Singh. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, yeye na wenzake wa vyama vya wafanyakazi walidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati ambapo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti zaidi barazani. Mwezi uliofuata akakamatwa. Alipoulizwa mahakamani kama ni mkomunisti, alikubali bila kutafuna maneno. Akazungushwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol, akaachiliwa Oktoba 1961. Oppenheimer alipoteza kibali. Makhan Singh alipoteza miaka kumi na moja, na sijaona filamu yake kwenye fleshi ya mtu.

Kidole cha shahada: waliosakwa Kenya walikuwa wakomunisti kweli, kwa hiyo serikali ilikuwa na haki ya kuwaogopa.

Hapa nampa nusu ya ushindi. Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru, hakuficha siasa zake za mrengo wa kushoto. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa na marafiki Moscow na Beijing na aliwapeleka vijana wetu kusoma huko. Lakini Tom Mboya naye alikuwa na marafiki Marekani, akapata pesa huko, akapeleka vijana wetu huko kwa ndege kuanzia 1959, na hakuna aliyekesha akihofia kwamba Mboya ataigeuza Kenya kuwa jimbo la Marekani. Pesa ya Magharibi iliitwa msaada wa masomo. Ya Mashariki ikaitwa njama. Anayetaka kuhukumu wapokeaji awahukumu wote kwa mizani moja.

Tazama tu jinsi mambo yalivyofuatana. Desemba 1964 Taasisi ya Lumumba ilifunguliwa ili kuwafunza makada wa chama tawala, KANU, na Jomo Kenyatta mwenyewe akawepo. Haikumaliza 1965 ikiwa mikononi mwa walioianzisha. Tarehe 24 Februari 1965, asubuhi, Pinto alipigwa risasi langoni mwa nyumba yake Westlands, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37. Aprili meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, ilifika Mombasa na silaha, serikali ikazikataa. Machi 1966 mkutano wa KANU wa Limuru ulimvua Odinga umakamu wa rais wa chama, na mwezi huohuo wanadiplomasia na waandishi wa habari kutoka nchi za kikomunisti wakafukuzwa nchini. Oktoba 1969 chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku.

Sasa niambie, Mwalimu, kati ya hayo ni lipi linaloonyesha mapinduzi ya kikomunisti yaliyokuwa yakija? Mimi naona ugomvi wa nyumbani juu ya ardhi na madaraka, uliovishwa kanzu nyekundu ili jirani mwenye nguvu aje kusaidia kupiga. Swali la Pinto na Odinga lilikuwa mashamba ya walowezi yaende kwa nani na kwa bei gani. Mtu wa Kajiado, ambako shamba la ukoo limekatwakatwa hadi likawa ploti za futi hamsini kwa mia, angepaswa kuwa wa kwanza kulielewa swali hilo.

Kwa mauaji ya Pinto alifungwa kijana mmoja, Kisilu Mutua, akatoka 2001 akiwa mzee, akisisitiza kwamba hakuua.

Kidole cha kati: lakini filamu ile ina mapenzi, na historia yetu ni mikutano na katiba tu.

Hoja hii ndiyo iliyoniuma, kwa sababu imetoka kwa mtu aliyeifundisha hiyo historia. Pinto alimwoa Emma Dias Januari 1954. Juni mwaka huohuo, mwezi uleule ambao Oppenheimer alinyang'anywa kibali chake, askari walikuja wakamchukua. Miezi mitano ya ndoa! Akapelekwa Manda, na bibi arusi akabaki Nairobi, kwenye mji wenye vizuizi na pasi, akisubiri barua zilizosomwa kwanza na macho ya watu wengine. Mwandishi wa filamu hahitaji kubuni kitu hapo. Anahitaji tu kunyamaza na kuelekeza kamera kwenye sanduku la barua.

Rudi nyuma zaidi. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mgoa mmoja mfanyabiashara, Peter Zuzarte, alikutana na binti wa Kimaasai, Njambi, huko Eldama Ravine. Mwaka 1911 walizaa mtoto wa kiume. Fikiria mwaka huo kwa macho ya mama yule: ndio mwaka ambao Wamaasai wa Laikipia walisainishwa mkataba wa kuhamishwa kwenda kusini, kwenye hifadhi hii ambayo Kajiado imo ndani yake. Mtoto alipelekwa India kusoma akiwa bado mdogo mno, akarudi kijana mzima katika nchi iliyopanga watu kwa rangi kama madaftari kabatini: hospitali ya huyu, shule ya yule, mshahara wa huyu, mtaa wa yule. Angeweza kujificha kwenye rafu ya Wagoa, iliyokuwa juu kidogo. Akachagua jina la upande wa mama. Ndiye Joseph Murumbi.

Wakubwa wa KAU, chama cha kudai uhuru, walipokamatwa 1952, Murumbi alishika ukatibu mkuu wa chama, kisha akaenda nje na kukaa London miaka mingi akifanya kazi na Fenner Brockway katika harakati za kupinga ukoloni. Huko akampata Sheila Kaine, Mwingereza. Mwana wa Mgoa na Mmaasai, na mke Mwingereza, katika serikali changa ya Kiafrika: kama unatafuta mapenzi na ubaguzi ndani ya chumba kimoja, huhitaji kwenda Los Alamos ya Oppenheimer. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, na Mei 1966 akawa makamu wa rais baada ya Odinga. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amejiuzulu. Sababu rasmi ilikuwa afya. Rafiki yake mkubwa katika siasa alikuwa Pinto, na waliomjua hawakuacha kuyataja mambo hayo mawili pamoja.

Na kwa wale wanaosema kila aliyekaa karibu na Pinto alikuwa mwekundu: Murumbi alitoka serikalini akaenda kuwa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans hapa nchini, na akatumia pesa zake kununua stempu, vitabu vya kale na sanaa ya Afrika. Karl Marx angemkana.

Kidole cha pete: ubaguzi ulikuwa wa Mzungu kwa Mweusi, basi, na Mmaasai katika filamu ya aina hiyo hana kazi ila kusimama nyuma na mkuki.

Nusu ya kwanza nimeshaijibu kwa Murumbi. Nitaongeza tu kwamba Mwalimu mwenyewe, bintiye alipoleta mchumba wa kabila jingine, alipitisha wiki mbili akiongea zaidi na mbuzi kuliko alivyoongea na watu wa nyumbani. Leo huyo mkwe ndiye anayemletea lori la maji kisima kikikauka. Ananielewa.

Nusu ya pili ni kosa la filamu, si la Wamaasai. Out of Africa ya 1985 imewafanya watu waamini kwamba Ngong ni mandhari ya mapenzi ya Karen Blixen na Denys Finch Hatton, na kwa kweli kaburi la Finch Hatton liko kwenye vilima hivyo, ndani ya kaunti yetu. Wamaasai wamo humo, wanapita. Lakini miaka mingi kabla Finch Hatton hajapata umaarufu wa urubani, tena kwa mawakili, walikuwa wamekwisha kufanya jambo ambalo halipigwi picha: mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake waliishtaki serikali ya kikoloni kortini kwa sababu ya kuhamishwa. Walishindwa, kwa hoja ya kisheria ya ajabu kwamba mkataba wao na Mwingereza ulikuwa kati ya dola na dola, hivyo korti haikuwa na uwezo juu yake. Yaani waliambiwa ni taifa huru, na kwa sababu hiyo wanyang'anywe. Mkuki gani huo, Mwalimu?

Kidole cha mwisho kilikuwa kidogo na hoja yake ndogo: filamu za zamani ni ghali, magari ya kale, nguo, na isitoshe nani ataitazama?

Ghali, ndiyo. Lakini The Kitchen Toto ilipigwa Kenya miaka ya 1980 na kuirudisha 1950 bila ya fedha za Nolan. Mambo mengine yapo bure. Nyanda za Kapiti bado zina vumbi lilelile. Vitu vya Murumbi vimo kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, jengo lililokuwa benki, na ghorofa ya chini inaitwa kwa jina lake. Na tukio la mwisho limekwisha kuandaliwa City Park, Nairobi. Pinto amezikwa kwenye makaburi ya pale. Murumbi, aliyefariki 1990, alitaka alazwe karibu na rafiki yake; akazikwa nje kidogo ya mpaka wa makaburi hayo, na Sheila akaja kulala kando yake miaka kumi baadaye.

Kuhusu nani ataitazama, sikuhitaji kujibu. Nilipomsimulia haya juzi, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha tangi la maji, Mwalimu alisahau kabisa vidole vyake. Alikuwa kimya, akichezea bakora. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na yule Emma, walipomtoa mumewe Manda wakampeleka Kabarnet, alimfuata?"

Alimfuata, Mwalimu.