Anayeishi na Virusi Asilazimike Kujificha



Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Methali hii imetumika mara nyingi kumwonya mgonjwa. Safari hii tungependa ituonye sisi tulio jirani zake. Mtu hazaliwi na tabia ya kuficha maradhi, hufundishwa. Wanaomfundisha ni wale wanaonong'ona apitapo, wanaomtengea kikombe chake peke yake, na wanaoacha kununua vitumbua vyake siku habari zake zinapoenea mtaani.

Tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, nchi yetu ya Tanzania imepita katika misiba mingi. Kwa miaka ishirini hivi kazi kubwa ya majirani ilikuwa kuuguza, kuzika na kulea yatima, kwa sababu mtu wa kawaida hakuwa na tiba. Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilianza kutolewa bila malipo, na tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja kinga yake ishuke. Dawa hizi haziviondoi virusi vyote mwilini, bali huvizuia visizaliane. Anayezimeza kila siku bila kuruka hurudiwa na nguvu za kulima, kufanya biashara na kusomesha watoto wake. Virusi vikipungua katika damu hadi visionekane kwa kipimo, na hali hiyo ikidumu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mama mjamzito anayetibiwa na kunyonyesha kwa ushauri wa kliniki huweza kuishusha hatari ya kumwambukiza mtoto hadi chini ya asilimia 5, ilhali bila tiba hatari hiyo huwa kati ya asilimia 15 na 45.

Basi kwa nini bado tunazika? Sababu ni zaidi ya moja, lakini mojawapo iko mikononi mwetu. Dawa huandikwa hospitalini, lakini humezwa nyumbani. Na nyumba nyingi hazimpi mtu nafasi ya kumeza kidonge chake mbele ya wenzake. Wako akina mama wanaoficha vidonge ndani ya debe la unga, baada ya kuvitoa katika kopo lake, kwa kuwa kopo hulia likitikiswa. Wageni wakilala hapo, siku hiyo dawa haimezwi. Wako vijana wa bweni wanaoogopa kufungua sanduku mbele ya wenzao. Wako wanaume wanaoipita kliniki ya karibu na kwenda ya wilaya nyingine wasionekane. Nauli ikikosekana, dawa hukatika. Dozi zikirukwa mara kwa mara, virusi huzaliana na kuzoea dawa, hata mwishowe dawa ile isimfae tena. Kwa njia hiyo ulimi wa jirani huvunja kazi ya daktari.

Kuutunza mwili si jambo la matajiri. Dagaa, maharage, mchicha, matembele, mayai na matunda ya msimu vyatosha kujenga afya. Maji ya kunywa yachemshwe, na chandarua kitumike kila usiku. Kikohozi kisichokoma, homa za jioni na kukonda visichukuliwe kuwa mafua, kwani kifua kikuu ndicho kinachoua zaidi watu wanaoishi na virusi. Kinatibika, na ziko dawa za kukikinga. Wanawake wachunguzwe saratani ya mlango wa kizazi. Pombe ipunguzwe au iachwe, kwa maana mlevi husahau dozi. Na mtu asikose kupimwa wingi wa virusi kila anapotakiwa, hata kama anajiona mzima.

Lakini mwili haupati nafuu ikiwa moyo umevunjika. Anayekosa usingizi wiki hata wiki, anayejitenga na watu, anayeona uhai wake hauna maana, huenda ana sonona. Huo ni ugonjwa, wala si udhaifu wa imani, na unatibika. Amwone mshauri nasaha au daktari mapema. Achague mtu mmoja mwaminifu wa kumweleza habari zake, kisha ajiunge na kikundi cha wenzake. Huko Uganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa UKIMWI alianzisha TASO pamoja na wenzake, wengi wao wakiishi na virusi. Dawa hazikuwapo bado. Walichokuwa nacho ni kukutana, kusikilizana na kuuguzana, na kwa wengi hicho ndicho kilichowapa nguvu za kuamka asubuhi.

Tuseme wazi pia juu ya sala. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa matumaini ya kupona, na walikuwapo walioacha vidonge vyao. Hatumcheki aliyekwenda, alikuwa anatafuta uhai. Lakini sala humpa mtu moyo wa kuendelea na dawa, haishiki nafasi yake. Anayemwamuru mgonjwa atupe vidonge ili kuonyesha imani anayahatarisha maisha yasiyo yake.

Mwisho, jambo hili ni la haki, si la huruma tu. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa na kumbagua mtu kwa sababu ya virusi, na inataka siri ya vipimo vyake itunzwe. Mwajiri, mwalimu na kiongozi wa dini hawana ruhusa ya kuivunja. Tena, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi uhai wa ndugu zetu ulivyotegemea saini iliyotiwa mbali. Ni wajibu wetu kuidai serikali ihakikishe kwa fedha za nchi yenyewe kwamba dawa hizi hazikatiki.

Tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo, itakapokutana mwezi huu, ijiulize maswali matatu. Je, katika nyumba zetu kidonge chaweza kumezwa mezani bila maneno? Je, tunamjua aliyekosa nauli ya kliniki, na tumemsaidia bila kumtangaza? Je, mtu akituambia siri yake leo, itakuwa bado siri kesho? Jumuiya isiyoweza kujibu ndiyo ianzie hapo.